Simba Anafanya Nini?

Mtoto akipewa insha ya mnyama wa mwituni, huandika: "Simba ni mkubwa, mkali na wa kutisha." Sifa tatu, na simba bado ameganda kama picha ukutani. Kimtoacho hapo ni kitenzi.

Watu wa Tuala, katika kaunti ya Kajiado, hawawezi kuchagua neno ovyo. Ng'ambo ya mto Mbagathi ipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, na upande huo wa kusini umeachwa wazi miaka mingi. Simba huvuka. Ukimwambia jirani "simba yupo," hujamwambia la kumfaa. Je, anapita tu? Anavizia, yaani ametulia akingoja windo lije? Au ananyemelea zizi, hatua kwa hatua? Na asiyetenga "amejikunyata" na "ananyata" yu hatarini: wa kwanza amejikunja kwa baridi au hofu, wa pili anakuja.

Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela, alichunga ng'ombe wa babake tangu utotoni. Mwaka 2013 alisimulia jukwaani Marekani alivyohangaika na simba. Aliwasha moto, ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu, siku ya kwanza wakarudi, ya pili wakatambua kuwa haitikisiki. Usiku mmoja alitembea huku na huku na kurunzi, simba wasije. Ndipo akaunda taa ziwakazo na kuzima kwa zamu, mithili ya mtu atembeaye. Tofauti ya "kusimama" na "kutembea" ndiyo iliyookoa ng'ombe.

Hata Suratul Aadiyat, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema, huwaleta farasi (ndivyo walivyofasiri wengi) kwa matendo yao: wanahema, wanatoa cheche, wanatimua vumbi. Rangi yao haikutajwa.

Sisi wa Pwani hatuna simba kizingitini, ila paka yupo uani. Mama, mwambie mwanao amtazame akiwinda mjusi, kisha aandike bila sifa hata moja: alijibanza nyuma ya mtungi, akanyata, akaruka, akamkosa, akaketi kujilamba kana kwamba hakuwa na haja naye.