Rusinga, Mfangano, Takawiri au Zanzibar? Chagua kisiwa ukijua pesa yako itafanya kazi vipi huko

Desemba ikikaribia, magrupu ya WhatsApp hapa Kisumu huwa na mjadala mmoja tu: twende wapi? Kuna wa kusema Zanzibar kwa sababu ameona picha. Kuna wa Lamu. Na hakosi mmoja wa kuuliza kwa nini tupande ndege wakati visiwa viko hapa hapa ziwani, ng'ambo ya Mbita. Huyo wa mwisho mara nyingi huchekwa, lakini sisi tunadhani anastahili kusikilizwa.

Hatutakuambia kisiwa kipi ni kizuri zaidi. Tutakuambia kitu ambacho picha hazionyeshi: jinsi pesa iliyo kwenye simu yako itakavyofanya kazi kila mahali, na pale ambapo watu hupoteza akiba ya mwaka mzima kabla hata ya kupanda matatu.

Tuanze na hapa nyumbani

Rusinga ndicho kisiwa rahisi kufika. Kimeunganishwa na Mbita kwa daraja, kwa hiyo ukitoka Kisumu unaweza kupitia Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi mlangoni pa hoteli bila kugusa maji. Ukipenda maji, nenda hadi Luanda K'Otieno upande wa Siaya, kisha uvuke kwa feri hadi Mbita. Wenye watoto wadogo, au mama mzee asiyetaka habari ya boti, hawana haja ya kutafuta mbali.

Na si ufuo tu. Kaburi la Tom Mboya liko Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kwenye kisiwa hicho hicho, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita. Watoto wa CBC wataandika insha mpaka wachoke.

Kwa upande wa pesa, Rusinga ni kama mtaa wowote wa Kenya. Mtandao upo, mawakala wapo, bodaboda anapokea kwa simu. Usijisumbue sana.

Mfangano ni hadithi nyingine. Hapa lazima upande boti kutoka Mbita, na safari inaweza kuchukua saa moja na zaidi kulingana na injini, mizigo na upepo. Unachopata ni kisiwa chenye mlima katikati, Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, na michoro ya kale kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone: miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe ambayo ilichorwa kabla ya Waluo na hata Wasuba kufika. Kama umechoka kukaa hotelini ukitazama runinga, nenda Mfangano.

Takawiri ni kidogo, kiko njiani kuelekea Mfangano, na ndicho kile cha kwenye picha: mchanga mweupe, minazi, maji yanayotulia asubuhi. Mtu akikutumia picha akakuambia ni Diani, unaweza kuamini.

Sasa, kwa visiwa hivi viwili pesa inataka mpango. Duka dogo la wakala kisiwani linaweza kukosa pesa taslimu za kukutolea elfu ishirini siku ya Krismasi, si kwa ubaya, ila kwa sababu hana. Toa kiasi unachohitaji Mbita kabla ya kupanda boti, na utoe mara moja. Kwa viwango vya M-Pesa vya mwaka 2024, kutoa shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja kunakata 185. Ukitoa 2,500 mara nane, kila mara 29, umelipa 232. Tofauti si kubwa, lakini ni soda ya mtoto, tena umepanga foleni mara nane.

Jambo lingine: huko visiwani mpaka wa Uganda hauko mbali, na simu inaweza kudaka mtandao wa upande wa pili. Ukiona ujumbe wa kukukaribisha Uganda nawe bado unakula ngege Mfangano, ingia kwenye mipangilio ya simu uchague mtandao wako mwenyewe, la sivyo salio la mazungumzo litayeyuka.

Ndere tutaitaja haraka. Ni hifadhi ya taifa tangu 1986, kilomita za mraba 4.2 tu, karibu na Kisumu, yenye swala, pundamilia na ndege wengi. Inafaa kwa siku moja. Iko chini ya KWS na ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo fungua akaunti yako mapema na ulipe ukiwa bado mjini penye intaneti nzuri. Kusimama ufukweni ukisubiri nywila ya eCitizen iingie kwenye simu ni adhabu.

Na pwani je?

Lamu ni Kenya, kwa hiyo simu yako haibadiliki hata kidogo: mtandao ule ule, PIN ile ile, mawakala wale wale. Mji wake wa kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na punda ndio magari. Gharama kubwa ni kufika. Kutoka Kisumu utapitia Nairobi kwanza, na kwa familia ya watu watano tiketi hizo zinaweza kumeza bajeti yote ya chakula.

Zanzibar huhitaji viza ukiwa Mkenya, lakini beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hapo ndipo wengi hukwama kuhusu pesa. Kuona neno M-Pesa kwenye kibanda cha Unguja kusikudanganye: hiyo ni M-Pesa ya Vodacom Tanzania, si ya Safaricom. Wakala wa pale hakutolei pesa kutoka kwenye laini ya Kenya kama anavyofanya wakala wa Kondele. Unaweza kutuma kutoka Kenya kwenda kwa laini ya Tanzania kupitia huduma ya kimataifa, lakini tazama kiwango cha ubadilishaji kinachoonyeshwa kabla ya kukubali, na uhakikishe mapema kwamba laini yako itapokea ujumbe ukiwa nje ya nchi. Wenye kadi ya benki wapate afueni hapo.

Kwa hiyo ukilinganisha bei ya hoteli ya Zanzibar na ya Takawiri, usilinganishe bei ya usiku mmoja peke yake. Ongeza nauli, ongeza ubadilishaji, ongeza siku moja inayopotea uwanja wa ndege kwenda na kurudi. Kuna watakaopiga hesabu na bado wachague Zanzibar. Sawa kabisa, pesa ni yao.

Pesa za chama zikae wapi?

Tuseme mko 12 na kila mmoja anachanga 5,000. Kwa kawaida kila mmoja humtumia mweka hazina kwenye namba yake ya kawaida. Ada ya kutuma 5,000 kwa viwango hivyo vya 2024 ni 57, kwa hiyo nyinyi 12 mmelipa 684 kwa jumla. Hilo tunaweza kulisamehe.

Tatizo kubwa ni lingine. Kama mweka hazina wenu ana deni la Fuliza, pesa inayoingia kwenye laini yake hukatwa kwanza kulipa deni hilo, tena yenyewe, bila kumuuliza. Mnadhani mna 60,000, kumbe sehemu yake imeshalipa unga na tokeni za stima za mwezi uliopita. Hajaiba, na pengine hata hakujua mpaka alipoangalia salio. Lakini jaribu kulieleza hilo kwenye grupu ya watu 12 wenye hasira wiki moja kabla ya safari. Urafiki wa miaka umevunjika kwa kidogo kuliko hicho.

Dawa yake ni rahisi. Fungueni nambari ya chama, iwe Paybill ya benki au akaunti ya kikundi, ili pesa za wote zisichanganyike na za mtu mmoja na kila mwanachama aone kilichoingia. Kama safari ni ya mara moja na hamtaki mambo mengi, chagueni mtu asiye na Fuliza. Muulizeni wazi, si matusi.

Malipo ya awali: hapa ndipo watu hulia

Tapeli wa likizo hafanyi kazi ngumu. Anachukua picha za hoteli halisi, anafungua ukurasa wa Facebook wenye jina linalofanana, kisha anaweka bei ambayo iko chini kidogo, si chini sana. Ukiuliza nafasi anakuambia zimebaki mbili. Ukisita anasema kuna mteja mwingine kwenye simu. Halafu anakupa namba ya kutuma nusu ya pesa "ili nikushikie chumba".

Kabla ya muamala kukamilika, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Kama umeambiwa ni hoteli na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama. Tafuta namba ya hoteli hiyo mahali pengine, si kwenye ukurasa ule ule uliokupa namba ya kwanza, upige na uulize kama chumba chako wanakijua. Omba nambari ya Till au Paybill. Ukilipa kwenye Till ya M-Pesa, wewe mteja hukatwi ada, na jina la biashara linatokea kwenye ujumbe wa uthibitisho.

Lakini hapa tunatofautiana na wale wanaosema usilipe kamwe kwenye namba ya mtu. Visiwani kwetu, mama mwenye vyumba vitatu vya wageni Mfangano huenda hana Till. Nahodha wa boti naye hivyo hivyo, utamlipa kwenye namba yake au kwenye Pochi la Biashara, na jina litakuwa lake. Ukimkataa kwa sababu hiyo tu, umemnyima kazi mtu mwaminifu na wewe umekosa nyumba nzuri. Kwa watu kama hao, tuma kidogo kwanza, kiasi ambacho kikipotea hutalala njaa, na kinachobaki ulipe ukiwa umesimama mlangoni. Mwambie akuandikie kwa ujumbe tarehe, idadi ya watu, kiasi ulicholipa, kiasi kilichobaki, na kama atarudisha pesa boti ikishindwa kusafiri. Mwenye nia njema hataona shida kuandika sentensi tatu. Ukiwa na mtu unayemjua Mbita, mwombe aulize. Kila ufuo una BMU yake, na viongozi wake wanawajua wenye boti kwa majina.

Hilo la boti kushindwa kusafiri si mzaha. Ziwa huwa tulivu zaidi asubuhi. Mchana upepo huamka na mawimbi pamoja nalo. Panga kuvuka mapema, na usipande kabla ya kila mtu, pamoja na watoto, kuvaa jaketi la kuokolea. Kama nahodha hana majaketi ya kutosha, pesa uliyokwisha kumtumia isikulazimishe kupanda. Ni afadhali kupoteza elfu mbili. Karibu na Kisumu gugumaji nalo linaweza kuziba njia ya boti kwa muda, kwa hiyo piga simu asubuhi ya safari kuuliza. Na kwa watakaoogelea: maji yetu matamu yana kichocho, hasa penye matete na maji yaliyotulia. Uliza wenyeji wanaogelea wapi, pia kuhusu mamba na viboko, na ukirudi pitia kituo cha afya upimwe.

Ukituma kimakosa

Ukikosea tarakimu moja ukatuma kwa mtu usiyemjua, usimpigie kwanza kumbembeleza. Kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa uthibitisho kama ulivyo kwenda 456 mara moja, kabla hajatoa pesa. Dakika kumi zina maana kubwa hapa. Kwa mtandao mwingine, piga huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na msimbo wa muamala.

Kurejesha muamala ni kwa ajili ya namba iliyokosewa. Haikusaidii kama ulituma kwa uliyekusudia na baadaye ukagundua hoteli haipo, kwa sababu mara nyingi pesa itakuwa imeshatolewa. Hata hivyo ripoti: laini ya Safaricom inayotapeli watu itume kwa 333, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na jumbe zote na picha za ukurasa ule, uandikishe na upewe namba ya OB. Usifute chochote kwenye simu kwa hasira, hata matusi uliyoandika wewe mwenyewe.