Tusiwafunze watoto kuisifu bahari wasiyoijua

Mwezi wa Agosti uliopita, rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu alinipa funguo za nyumba yake iliyoko Tiwi, kusini mwa Mombasa, nikapumzike huko kwa juma moja. Nilipanda gari-moshi Nairobi asubuhi, nikavuka Likoni kwa feri jioni, na kabla ya isha nilikuwa nimeketi barazani nikiisikiliza bahari gizani. Mkobani sikuwa na kitabu hata kimoja. Nilikuwa na kitita cha insha za wanafunzi wa shule moja ya Kibera, ambazo mwalimu wao, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, aliniomba nizipitie na kumpa maoni. Mada ilikuwa ile ambayo sidhani yupo mwalimu wa Kiswahili nchini asiyewahi kuitoa: "Likizo niliyoifurahia."

Asubuhi ya kwanza nilizisoma huku nikinywa chai ya rangi na mahamri. Zaidi ya nusu ya wanafunzi hao walikuwa wamekwenda pwani. Walifikia katika jumba la mjomba au shangazi, lenye madirisha yanayotazama baharini. Waliamka alfajiri na mapema majogoo walipowika. Walipepewa na upepo mwanana. Mawimbi yaliwalaki kwa vifijo, na jua la kiangazi likawaka kama tanuri, katika mwezi huo huo wa Agosti. Nilipoinua macho, bahari yenyewe ilikuwa mbele yangu, nayo haikufanana hata kidogo na ile niliyokuwa nikiisoma. Mawingu yalikuwa yametanda. Upepo ulikuwa ukiipiga minazi hata nikalazimika kujifunika shuka. Mwani ulikuwa umelundikana ufuoni kama takataka za sokoni, na maji yalikuwa yamekupwa yakaacha miamba wazi. Mawimbi yalionekana mbali huko, mstari mweupe tu juu ya mwamba, na katikati yake na mimi walikuwapo wanawake wawili walioinama, wakitafuta pweza kwa vijiti.

Mlinzi wa nyumba hiyo ni mzee wa Kidigo aliyeitunza tangu msingi ulipochimbwa. Alipokuja na madafu nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza ni karatasi gani hizo zisizoniachia nafasi ya kupumzika. Nikamsomea moja, iliyopewa alama 33 kati ya 40. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akacheka taratibu.

"Mwalimu, mtoto huyu hajafika huku. Sasa ni kusi. Huo upepo mwanana utauona kusi ukishalegea. Na tena hakusema kama maji yamejaa au yamekupwa. Aliyeiona bahari huanza na hilo."

Nakiri kwamba nimefundisha isimu kwa miaka mingi bila kupata somo fupi kama hilo. Neno lenyewe "pwani" limetokana na kitenzi "pwa", maji kurudi nyuma, likatiwa kiambishi cha mahali. Pwani ni pale maji yanapokupwa. Waliolibuni neno hilo walianza pale pale alipotaka mzee wangu mtoto aanzie. Na hicho "kiangazi" cha Agosti kimetoka wapi? Sisi hatuna majira ya joto ya Ulaya. Pwani yetu huhesabu mwaka kwa pepo na mvua: kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na huo ndio wakati wa kiangazi, kisha huja masika, na kusi hushika zamu hadi Septemba, na katikati yake ndimo kilimo kipupwe, wakati wa baridi. Pepo hizo ndizo zilizoyaleta majahazi na kuyarudisha Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, nazo ndizo zilizotupa majina ya kusini na kaskazini. Mtoto wa Kawangware anayemwelekeza mgeni upande wa kusini anautaja upepo asioujua. Hilo si kosa lake, na halina madhara. Madhara huanza pale tunapomtaka ajifanye anaujua.

Nayasema haya nikiwa mmoja wa waliojifanya. Mnamo mwaka 1993 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Kawangware. Baba yangu alikuwa bawabu katika nyumba moja ya Lavington, mwendo wa dakika chache tu kutoka chumba chetu, ingawa ukiyatazama maisha ungedhani ni safari ya siku mbili. Nikaandika insha ya likizo. Ilikuwa na nyumba ya mjomba Malindi, samaki wa kupaka, na jua lililozama "likiiaga dunia kwa huzuni". Nilipata alama 36 na insha ikasomwa mbele ya darasa. Nilimpelekea mama akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kisha akauliza, "Mjomba yupi?" Mama hakuwa na ndugu wa kiume. Nilimjibu kwamba ni insha tu. Hakusema lolote, akainuka kuwasha jiko. Bahari yenyewe niliiona mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 22, na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba ilikuwa na harufu. Katika insha zote nilizowahi kusoma hakuna aliyekuwa ametaja harufu.

Lakini turudi Tiwi, kwa sababu mzee hakuwa amemaliza.

"Huyo mtoto anakaa wapi?" aliniuliza.

"Kibera."

"Kibera kukoje? Nasikia tu redioni, watu wakigombana."

Hapo nilinyamaza. Katika magoti yangu kulikuwa na karatasi za watoto wapatao arobaini wakaao Kibera, na nikawa sijui nimsomee ipi ili apate jibu. Nilipekua kitita kizima. Hatimaye nikaipata moja, karibu na chini, ya msichana wa Gatwekera. Ilikuwa na alama 17, na pambizoni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Kisa hakina mnato. Ongeza tamathali za usemi."

Katika insha hiyo hakuna jogoo. Msichana aliamshwa na kishindo cha mitungi ikipangwa foleni penye kioski cha maji, na kwa sauti hiyo alitambua kama amechelewa au la. Mama yake alikuwa ameondoka gizani kutafuta nyumba za kufulia nguo. Manyunyu ya Agosti hayakukoma, kwa hivyo nguo za watu hazikukauka, na zisipokauka mama halipwi siku hiyo. Alieleza jinsi wauza mboga wanavyokaa kando ya reli: gari-moshi likija, hurudisha miguu tu, mboga hawazigusi, kwa kuwa wanajua upana wa behewa. Siku ya Ijumaa alikwenda kwa miguu hadi Kawangware, kwa shangazi yake apikaye chapati karibu na kituo cha 46. Alilala huko siku mbili. Na likizo aliyoifurahia ilikuwa hii: "Nililala mpaka jua likatoka na hakuna aliyeniita niende majini."

Mzee aliniomba nirudie sehemu ya mitungi. Mwalimu alikuwa ameizungushia "mtungi wa njano" duara na kuweka alama ya kuuliza, nadhani kwa sababu kamusi humwambia kwamba mtungi ni chombo cha udongo. Mzee yeye hakuona tatizo. Alisema mama yake alikuwa na mtungi wa udongo uliokaa pembeni mwa nyumba, na kwamba maji yake yalikuwa baridi kuliko ya jokofu la rafiki yangu. Kisha akauliza kama huyo mtoto hulipia maji kila mtungi. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. Tulikaa tukizungumza juu ya maji ya Kibera mpaka bahari ikaanza kurudi.

Walimu wenzangu, hapo ndipo palipo shina la hoja yangu. Kusimulia ni kumpa mtu habari asiyokuwa nayo. Ile insha ya alama 33 haikumpa mzee wangu chochote; hii ya alama 17 ilimfikisha mahali ambapo hajawahi kufika. Ikiwa kipimo chetu kinaipa ya kwanza karibu maradufu ya alama za pili, basi kilicho na kasoro ni kipimo.

Nayajua majibu. Nitaambiwa kwamba lugha ya mtoto wa Kibera imeharibiwa na Sheng na kwamba hayo mafungu ya maneno ya kukariri ndiyo ngazi ya kumpandishia. Kuhusu Sheng nimeandika mara nyingi na leo sitarudia. Lakini hebu tukumbuke historia. Kiswahili hakikuingia Kibera jana. Eneo hilo lilikaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi, "kibra", yaani msitu. Jeshini walisema Kiswahili chao, ambacho wanaisimu hukiita Kikeya, na nyumbani Kinubi, lugha iliyozaliwa kutokana na Kiarabu na ambayo hadi leo husikika Makina. Kijiji kimoja cha Kibera kinaitwa Lindi, jina lile lile la mji wa bandari ulioko kusini mwa Tanzania. Mahali penye tabaka za lugha namna hiyo hapawezi kuitwa jangwa la lugha.

Na hao watu wa pwani tunaowatumia kama fimbo ya kuwachapia watoto wa bara, je, wao walinusurika? Kongamano la Mombasa la mwaka 1928 liliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na baada ya hapo Mmvita aliyeandika "mato" kwa maana ya macho, au "kuteka" kwa maana ya kucheka, alikuta wino mwekundu ukimsubiri katika mji wake mwenyewe. Usanifu tunauhitaji, mimi siupingi. Ndio unaotuwezesha kuelewana kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Lakini usanifu ni suala la upatanisho wa kisarufi, tahajia na msamiati. Haukumwagiza mtu yeyote kuwa na mjomba Malindi.

Nikirudi kwenye neno "likizo", kamusi za zamani zinakipa kitenzi "likiza" maana mbili: kumruhusu mtu aondoke kazini, na kumwachisha mtoto ziwa. Maana yake ya ndani ni kuachiliwa. Yule msichana alikuwa amelielewa neno hilo kuliko sisi sote. Aliachiliwa asubuhi mbili, akaziandika. Mzee wangu wa Tiwi nilipomwuliza yeye huenda likizo wapi, alionyesha kwa kidevu upande wa shamba lake la mihogo, akasema huko hupumzika kwa kulima.

Niliporudi Nairobi nilikwenda Kibera kumwona yule mwalimu. Ni mwalimu hodari, na darasa lake ni kubwa kuliko linavyostahili kuwa. Nilimweleza haya yote, naye akanisikiliza huku akipanga madaftari. Kisha akanijibu bila kuumauma maneno.

"Daktari, wewe ulikuwa baharini. Mimi niko hapa. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, tukaambiwa sasa ni umilisi, lakini anayesahihisha bado anataka methali na tashbihi. Nikimwachia huyu msichana aandike mitungi, nani atamlipia hizo alama?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sina mpaka sasa. Mimi mwenyewe nimewahi kusahihisha insha za mitihani, na najua mkono unavyokwenda haraka pale jicho linapokutana na "upepo mwanana": unaweka tiki kabla akili haijauliza upepo gani. Nilipokuwa kijana nikifundisha shule ya upili, mvulana mmoja wa Kawangware aliniandikia juu ya baba yake kufukuzwa kazi siku ya Krismasi, nami nikampa alama 15 kwa sababu hakukuwa na methali. Muhula uliofuata aliniandikia juu ya safari ya Mombasa. Nilimpa 30, na nilifurahi kwa kuwa nilidhani ameendelea.

Tulichokubaliana na mwalimu huyo ni kidogo. Alama 17 hakuzibadilisha. Alisema zimekwisha kuingizwa kitabuni. Lakini aliichukua insha ile, akamwita msichana kutoka uwanjani, akamwambia kwamba Jumatatu ataisoma mbele ya wenzake. Msichana alinitazama mimi, kisha akamtazama mwalimu wake, akauliza kama kwanza aondoe ile sehemu ya mama kufua nguo.

"Usiondoe," mwalimu alisema. Halafu, baada ya kufikiri kidogo, akaongeza, "Lakini hapo kwenye 'mama wa mboga alirudisha mguu yake', rekebisha upatanisho."