Nani Anamtegemea Nani Ndani ya Ruta

Ndani ya ruta ndogo inayogawa intaneti katika ofisi ya mjini Bunia, Kongo, mna kompyuta kamili, na mara nyingi inaendesha Linux. Shida yake ni ufinyu. Linksys WRT54G, ruta iliyozaa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, katika matoleo yake ya mwanzo ilikuwa na megabaiti 4 tu za kuhifadhia mfumo mzima. Ruta ya BRCK, iliyotangazwa Nairobi mwaka 2013 kwa ajili ya miji ambayo umeme hukatika, nayo iliendesha OpenWrt. Vifaa vya namna hii havibebi Linux ya kompyuta ya mezani. Fundi hujenga mfumo wake, akichagua kifurushi kimoja kimoja.

Buildroot, zana ambayo OpenWrt ilichipukia, humpa menyu yenye vifurushi zaidi ya 2,000. Anatia alama, anaandika amri ya make, nayo inashusha msimbo wa kila programu, inaandaa kompaila, inajenga na kutoa faili la kupakia kwenye kifaa. Kazi ngumu ni kujua nani anamtegemea nani.

Menyu ina maneno mawili ya kueleza hilo. Depends on husema: nisionekane mpaka fulani awepo. Select husema: nikichaguliwa, mwenzangu naye awashwe. Desturi ya Buildroot naiona ya busara: maktaba za kawaida huitwa kwa select, mtumiaji asihangaike kuzitafuta; aina ya prosesa, au kompaila yenye C++, huwekwa kwa depends on, maana kuibadilisha ni kujenga kila kitu upya.

Lakini select ni mgeni anayekuja na rafiki bila kuuliza kama kiti kipo. Huwasha maktaba hata kama masharti ya maktaba hiyo hayajatimia. Kwa hiyo mwandishi wa kifurushi hulazimika kunakili masharti ya kila anachokiita, na ya kile kinachoitwa na hicho. Sharti moja likiongezwa chini, wote walio juu lazima waguswe.

Na kuwashwa hakutoshi. Mpangilio wa kujenga huandikwa kando, katika faili la .mk la kifurushi, na hapo ndipo kosa baya kuliko yote hujificha. Programu nyingi, zikijengwa, hujitafutia maktaba zenyewe. Tuseme programu ya kutuma vipimo vya mvua: ikiikuta maktaba ya usimbaji ya OpenSSL inaitumia, isipoikuta inaendelea bila usimbaji. Utegemezi huo usipotamkwa, matokeo yatategemea nani alitangulia kujengwa. OpenSSL ikichelewa, data itasafiri wazi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Dawa ni kuandika pande zote mbili: OpenSSL ikichaguliwa, isubiriwe na itumike; isipochaguliwa, programu iambiwe waziwazi isiitafute.

Kwa Bunia, uandishi huo unaokoa pesa. Intaneti hununuliwa kwa mega, na jenereta hunywa mafuta. Kwa kuwa utegemezi umetamkwa, amri ya make source inaweza kushusha msimbo wote unaohitajika, pamoja na wa maktaba zinazovutwa, kabla ya kujenga chochote. Fundi anaifanya penye muunganisho mzuri, hata akiwa safarini Kampala, kisha anarudi na folda ya dl, yenye msimbo huo, kwenye diski na kuwagawia wenzake. Kujenga kunaendelea bila intaneti.

Kuna gharama moja isiyokwepeka. Ukiondoa alama kwenye menyu, kifurushi hakitoki katika mfumo uliokwisha kujengwa. Buildroot haifuatilii kilichoguswa, na njia salama ni make clean, kisha kuanza upya. Zana nyingine, Yocto, hutunza matokeo ya kila hatua na kurudia yaliyobadilika tu, ila hudai makumi ya gigabaiti za diski. Kwa laptop moja na jenereta ya kuchangia, ningeshika Buildroot, nikawasha ccache ili kompaila isirudie kazi iliyokwisha kuifanya, na kila nikitia alama kifurushi kipya, kabla ya kujenga ningeendesha make graph-depends, nione kwenye mchoro kinavuta nani nyuma yake.