Kwa Nini Simu Hupungua Kasi Joto Linapozidi

Kutoka Karatu mjini, palipo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, barabara ya Mang'ola huteremka hadi kandokando ya Ziwa Eyasi, kwenye mita 1,000 na ushei. Upande wa pili, ukingo wa kreta ya Ngorongoro umeinuka zaidi ya mita 2,200. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo, kati ya ukingoni na ziwani simu ileile huweza kukutana na tofauti ya nyuzi 7, hata kabla ya kusahauliwa juani kwenye dashibodi ya gari. Iliyokuwa nyepesi asubuhi huwa nzito saa nane mchana: fomu ya mtoto inasita kufunguka, picha haiendi. Mhudumu wa afya akidhani programu imeharibika, akaifuta ili aiweke upya, taarifa za wagonjwa ambazo bado hazijatumwa huweza kupotea pamoja nayo. Ni hasara ya bure, maana simu haikuharibika, imejizuia yenyewe.

Kichakataji, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za simu, hugeuza karibu umeme wote kinaoutumia kuwa joto. Mwili wa binadamu una jasho, kompyuta kubwa ina feni, lakini simu nyingi zina mgongo wake tu wa kutolea joto hilo. Mgongo ukiwa na nyuzi 40 na hewa nyuzi 20, pengo ni nyuzi 20. Hewa ikifika nyuzi 35, pengo hubaki nyuzi 5, na uwezo wa kupoa hushuka hadi robo hivi. Hapo vihisi vya joto vilivyomo ndani hutoa taarifa, na mfumo hupunguza kasi ya kichakataji pamoja na volteji yake. Nafuu inayopatikana ni kubwa kuliko inavyotarajiwa: vyote viwili vikishushwa kwa asilimia 20, joto linalotokana na kazi ya hesabu hupungua kwa takriban nusu.

Wengi hudhani kinachokingwa ni kichakataji. Kichakataji kinaweza kustahimili nyuzi 80 na zaidi. Vinavyokingwa kwanza ni betri na ngozi ya mwenye simu. Mwaka 1947, Moritz na Henriques wa Harvard walionyesha kuwa nyuzi 44 huhitaji saa 6 hivi kuunguza ngozi, na kwamba juu ya hapo kila nyuzi inayoongezeka hupunguza muda huo kwa karibu nusu. Mtu mwenye hisi timamu atauondoa mkono mapema. Mgonjwa wa kisukari au wa ukoma aliyepoteza hisi hatajua. Asilale na simu inayochajiwa ikiwa imegusa mwili wake, na wala isiwekwe karibu na mtoto mchanga.

Mipangilio husaidia, ingawa si kwa namna watu wanavyopenda. Katika simu nyingi, hali ya kuokoa betri huweka ukomo wa kasi ya kichakataji. Simu huanza polepole kidogo, lakini haizimiki njiani. Hali ya utendaji wa juu hufanya kinyume. Mwaka 2022 kampuni ya Samsung ililalamikiwa, hasa Korea Kusini, kwa sababu programu yake moja ilipunguza kasi ya simu bila kumpa mtumiaji hiari, na baadaye ikatoa sasisho lililompa hiari hiyo. Mcheza michezo alikuwa na haki ya kukasirika. Anayejaza fomu za kliniki hahitaji kasi ile. Punguza pia mwangaza wa skrini, na usichaji huku ukifanya kazi. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta na hupata joto. Hali ya ndege huiondolea mzigo huo, isipokuwa kwa aliye zamu ya dharura.

Simu ikishapata moto, ivue kava, ichomoe kwenye chaja, iweke kivulini penye upepo. Usiiweke kamwe ndani ya jokofu la chanjo. Jokofu hilo hulindwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kila mlango unapofunguliwa hewa ya moto huingia. Tena unyevu huweza kugeuka matone ya maji ndani ya simu yenyewe na kuiua.

Jambo moja la kitabibu. Simu iliyopungua kasi bado huhesabu dakika sawasawa, kwani saa yake haitegemei kasi ya kichakataji. Kipima muda chake kinafaa kuhesabia pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Picha ya video ni habari nyingine. Inapokatakata, daktari aliye mbali hawezi kuamua kwa uhakika kama kifua cha mtoto kinabonyea ndani anapovuta pumzi, na mhudumu aliye kando ya mtoto ndiye anayepaswa kumwambia anachokiona kwa macho yake.