Mifupa ya Lindi na Soko la Maybachufer: Siku Moja Berlin Bila Gari

Anayeishi Magdeburg, Leipzig au Dresden akitaka kwenda Berlin asubuhi na kurudi usiku, kwanza achague siku. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa kwa mujibu wa sheria, isipokuwa machache, kama yaliyo ndani ya stesheni kubwa ya Berlin Hauptbahnhof. Jumatatu Museum für Naturkunde, yenye dinosaria waliochimbwa Lindi, Tanzania, haifunguliwi. Jumanne ni zamu ya Humboldt Forum kufungwa. Na soko la Maybachufer, kando ya mfereji, ambako familia nyingi hupenda kununua mboga, matunda na vitambaa, huwa Jumanne na Ijumaa tu. Kwa hiyo anayetaka vyote kwa safari moja hana budi kuomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa. Asiyepata ruhusa ana Jumamosi, yenye njia yake nyingine na uzuri wake.

Gari liachwe nyumbani. Tangu mwaka 2008 katikati ya Berlin ni eneo la kulinda hewa, na tangu 2010 gari haliruhusiwi kuingia humo bila stika ya kijani kiooni. Maegesho hulipiwa karibu kila mtaa wa katikati, na baba aliyeendesha saa mbili asubuhi ndiye atakayeendesha tena usiku, watoto wamelala nyuma na yeye macho hayafumbuki. Kutoka Magdeburg treni ya RE1 huenda moja kwa moja, ikipitia Brandenburg na Potsdam, na huchukua muda usiofika saa mbili hadi stesheni za katikati ya Berlin. Wa Leipzig na Dresden hubadilisha treni njiani wakitumia treni za mkoa, nao wajiandae kwa safari ndefu zaidi, saa mbili na nusu au kuzidi. Treni ya kasi ya ICE huwafikisha wa Leipzig hadi Berlin kwa saa moja na robo hivi, ila nauli yake hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia.

Suala la tiketi ndilo huwachanganya wengi, hasa waliofika karibuni. Mwenye Deutschlandticket hana la kununua tena: inamfikisha Berlin kwa treni za mkoa, kisha inamzungusha mjini kwa treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Haikubaliki kwenye ICE wala IC. Tena ni ya mtu mmoja kwa jina lake, haiazimwi, na mkaguzi anaweza kudai kitambulisho. Ni ya kujiandikisha, kwa hiyo anayeitaka kwa mwezi mmoja tu akumbuke kuisitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, la sivyo mwezi unaofuata utakatwa kwenye akaunti.

Kwa familia au kundi la marafiki lisilo na tiketi hiyo, kuna mtego mmoja. Tiketi za siku za majimbo, kama Sachsen-Ticket, hazifiki Berlin, na wapo wanaogundua hivyo treni ikiwa imeshaondoka. Inayofaa ni Quer-durchs-Land-Ticket, ambayo watu hadi watano husafiri pamoja kwa treni za mkoa nchi nzima. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, na hiyo ni sababu nyingine ya makundi makubwa kupendelea Jumamosi, maana wikiendi hutumika tangu usiku wa manane. Treni za chini ya ardhi za Berlin hazimo, kwa hiyo kundi linunue pia tiketi ya pamoja ya saa 24 ya kanda A na B; kila mahali panapotajwa hapa pamo ndani ya kanda hizo. Wanaoishi Potsdam, Cottbus au Frankfurt (Oder) wamepata nafuu: Brandenburg-Berlin-Ticket yao inabeba watu watano na usafiri wa mjini umo humo humo. Watoto wasiofika miaka sita hawalipi.

Tiketi ya karatasi ya mjini lazima ipigwe muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Berlin haina mageti ya kuzuia watu, na wakaguzi huweza kuwa wamevaa nguo za kawaida kama abiria wengine. Anayekamatwa bila tiketi, au na tiketi isiyo na muhuri, hutozwa euro 60 papo hapo, na kujieleza kwamba ni mgeni hakusaidii.

Msafiri wa RE1 asisubiri hadi mwisho wa safari. Ashuke Friedrichstraße, ashuke ngazi hadi laini ya U6 inayoelekea Alt-Tegel, na kituo cha pili ni Naturkundemuseum. Siku za kazi makumbusho hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Saa ya kwanza ndiyo nzuri, kabla ya madarasa ya shule kujaa, na tiketi ikinunuliwa mtandaoni mapema hakuna foleni.

Hapo ndipo safari hii inapomhusu msomaji wa Kiswahili kuliko mtalii mwingine yeyote. Katika ukumbi wa kwanza, chini ya paa la kioo, amesimama Giraffatitan mwenye kimo cha mita 13.27, kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo umeinuka kuelekea shingoni, na mtoto anayesimama karibu na wayo wake hukosa pa kutazama: akiangalia juu kichwa kiko mbali, akiangalia mbele anaona mfupa mmoja wa mguu uliomzidi urefu. Sehemu ya mifupa ni ya asili, na mingine ni nakala, kwa kuwa pingili halisi za uti ni nzito mno na ni rahisi kuvunjika. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Alitoka Tendaguru, kilima kilicho ndani ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka pwani.

Uchimbaji ulifanyika kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mamia ya vibarua walichimba, na msimamizi wao aliyefahamika zaidi ni Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuitoa mifupa mwambani bila kuiharibu. Jina lake linastahili kutajwa kwa sauti mbele ya watoto pale ukumbini. Kando ya Giraffatitan wapo ndugu zake wa Tendaguru: Dicraeosaurus, na Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, ambaye watoto humpenda zaidi kwa kuwa anaenea machoni. Nyumbani Tanzania, suala la mifupa hii kurudi au kubaki limejadiliwa hata bungeni, na mzazi anayemleta mwanawe hapa anampa haki ya kuwa na maoni yake baada ya kuiona.

Ni vizuri ukumbi huo upewe muda mrefu, saa moja na zaidi. Makosa ya safari nyingi za siku moja ni kukimbiza makumbusho matatu na kutoka bila kukumbuka hata moja. Wasio na watoto wadogo wanaweza kuongeza Humboldt Forum: U6 kurudi hadi Unter den Linden, kisha U5 kituo kimoja hadi Museumsinsel. Ndani yake mna makumbusho ya ethnolojia, yenye hazina kubwa ya vitu vilivyotoka Afrika wakati wa ukoloni, zikiwemo shaba za Benin ambazo umiliki wake ulihamishiwa Nigeria mwaka 2022. Jirani, jumba la Pergamon limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, kwa hiyo lisiwekwe kwenye ratiba.

Ijumaa ina jambo lingine kwa Waislamu, nalo ni sala. Msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, Neukölln, na unafaa kwa njia hii kwa sababu soko lenyewe liko upande huo huo wa mji. Kutoka makumbusho, U6 hushuka kusini hadi Platz der Luftbrücke, kisha basi namba 104. Saa ya sala ya Ijumaa hubadilika kwa msimu, kwa hiyo iangaliwe kabla ya kutoka nyumbani.

Baada ya sala, kuelekea Hermannplatz kwa miguu, inafaa kupita Lucy-Lameck-Straße. Hadi mwaka 2021 mtaa huo uliitwa Wissmannstraße, kwa jina la kamanda wa Kijerumani aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889. Sasa una jina la Lucy Lameck wa Moshi, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa naibu waziri Tanganyika. Kibao chake ni cha kawaida kabisa, na kwa Mtanzania anayekisoma pale njiani, ni heshima ya kweli.

Kutoka Hermannplatz, kituo kimoja cha U8 kinafika Schönleinstraße, na soko liko hatua chache. Huanza saa tano asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Bamia, embe, mafungu ya kotimiri na giligilani, zeituni, samaki na majora ya vitambaa vimepangwa kando ya maji, na jioni wauzaji huteremsha bei ili wasirudi na mzigo. Pesa taslimu iwepo mfukoni.

Wa Jumamosi wao, wakitoka kwa dinosaria, wabaki kwenye U6 ile ile kuelekea kaskazini. Kituo cha saba ni Afrikanische Straße, ndani ya mtaa wa Wedding wenye barabara zinazoitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße na Ugandastraße. Majina hayo yaliwekwa kusifu makoloni. Wenyeji wenye asili ya Afrika walipigania mabadiliko kwa miaka mingi, na Agosti 2024 barabara ya Petersallee, iliyotokana na jina la mkoloni Carl Peters, iligawanywa: kipande kimoja ni Anna-Mungunda-Allee, cha pili Maji-Maji-Allee. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata, viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Wachimbaji wa Tendaguru walifika katika eneo hilo hilo la kusini mwa Tanzania miaka miwili tu baadaye, na wanaoona sehemu zote mbili siku moja huiona historia hiyo ikiungana.

Ununuzi wa Jumamosi hufanyika kuanzia hapo kushuka Müllerstraße hadi Leopoldplatz, penye maduka ya Kiafrika ya vyakula na ya nywele. Unga wa mahindi, ndizi za kupika, mihogo, mawese, samaki wakavu na kisamvu kilichogandishwa hupatikana. Kisamvu kinunuliwe mwisho, kifungwe kwa magazeti ndani ya mfuko wa baridi, nacho kitafika nyumbani kingali kigumu.

Kurudi, wa sokoni wapande U8 hadi Alexanderplatz na kungojea RE1 pale, kabla treni haijafika Friedrichstraße na Hauptbahnhof, ambako abiria wengi wa Ijumaa jioni hupanda. Ucheleweshaji ni jambo la kawaida, kwa hiyo programu ya DB Navigator iangaliwe kabla ya kutoka sokoni, na mpango usitegemee treni ya mwisho ya usiku.