Nani huwalipa wanaolinda mikoko ya Gazi?

Kila ninapoandika habari za misitu yetu ya Pwani, swali la kwanza ninaloulizwa barazani si la miti. Ni hili: "Hao wa kamati, nani anawalipa?" Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake: kuna mzungu, kuna bahasha, kuna kitu kinaliwa pahali. Leo nimeona nilijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lenyewe lina ajabu kuliko uvumi. Wengi wao hawalipwi na mtu. Na mengi tunayojivunia Kwale, kuanzia Kinondo hadi Vanga, yamebebwa na mabega hayo yasiyolipwa.

Nianze na sheria, maana bila hiyo hatutaelewana. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kwa hivyo mtu wa Gazi, hata kama kaburi la babu wa babu yake liko hatua chache kutoka bahari, hana hati ya mkoko hata mmoja. Kwa miaka mingi ada ilikuwa moja: askari wa misitu yuko huku, mkata boriti yuko kule, na kijiji kinatazama. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, ndizo zilizobadilisha mambo. Wakazi waliopakana na msitu wanaweza kuunda chama cha kijamii cha misitu, wakakisajili, kisha wakaomba kwa Shirika la Misitu, KFS, washiriki katika kuusimamia. Wakikubaliwa hutiwa saini mkataba, na mkataba ndio unaosema watanufaika na nini: asali, dawa za mitishamba, kuni, utalii, mafunzo kwa wanafunzi. Unasema pia watawajibika kwa nini.

Sheria imeeleza mengi, lakini haijasema nani atamlipia katibu nauli ya kwenda ofisini.

Sasa tushuke Gazi. Ghuba hiyo iliumia sana miaka ya 1970, mikoko ilipokatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani. Palibaki matope meupe ya chumvi mahali palipokuwa na kivuli. Kazi ya kupanda upya ilianza 1991, watafiti wa KMFRI wakishirikiana na wanakijiji. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 chini ya chama cha misitu cha Gogoni-Gazi. Vijiji viwili, Gazi na Makongeni, ndivyo wenyewe. Mkoko hufyonza hewa ukaa na kuizika kwenye matope, ambako hukaa muda mrefu maadamu hakuna anayeukata mti na kuyavuruga matope. Mradi huuza kiasi hicho kilichozuiwa, takribani tani 3,000 kwa mwaka, chini ya kanuni za Plan Vivo. Kanuni hizo zinataka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie wanajamii. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Fedha hizo ndizo zinazozaa uvumi. Zinapoingia, sehemu moja huenda kwenye kazi za mradi, na sehemu nyingine huenda kwa vijiji. Wanavijiji huamua kwa mikutano zifanye nini: maji ya bomba, vitabu, ukarabati wa shule. Mratibu wa mradi hulipwa, maana ile ni kazi ya kila siku. Lakini kamati inayochaguliwa na vijiji hivyo viwili hukaa kwa kujitolea. Hata upande wa pili wa bahari, shirika la hisani la ACES lililosajiliwa Scotland, ambalo huwauzia wanunuzi hewa ukaa hiyo, linaongozwa na wadhamini wa kujitolea. Kwa hivyo yule mzungu wa uvumi, kama ni huyo, naye hapati kitu.

Watu hudhani kujitolea ni kushika jembe siku moja na kupigwa picha. Siku ya kupanda ndiyo nyepesi kuliko zote. Unangoja maji yapwe vizuri, unazikusanya zile mbegu ndefu za mkoko zinazoota zingali mtini, unachomeka matopeni, watoto wanachafuka, kuna chai na mahamri. Mwenye kazi ngumu ni yule anayebaki na makaratasi.

Nayasema haya kwa kujua. Nilikuwa katibu wa kikundi cha upandaji miti kwa miaka minne, si Gazi, kikundi kidogo tu cha mtaani kwetu. Orodha ya yaliyonichosha haina mti hata mmoja. Kuandika kumbukumbu za mkutano zisomeke na mtu ambaye hakuwepo. Kuhakikisha watatu wenye saini za benki wako mjini siku moja. Kufuatilia cheti cha usajili katika ofisi fulani ambako faili letu lilipotea mara mbili, nikaambiwa nirudi na nakala, na kila kurudi ni nauli yangu na siku yangu ya kazi imekwenda. Kisha kuna kumwambia jirani yako, tena kwa adabu, kwamba zile pau alizokata jana si zake. Jirani huyo ndiye utakayekutana naye msikitini alasiri, na binti yake ameolewa kwenu.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, na halina malipo yanayolitosha. Askari wa KFS akimkamata mkata miti, huenda zake. Mwanakijiji wa kujitolea hana pa kwenda. Ndiyo maana kule Gazi walipanda na mivinje pia, ili mtu anayehitaji mti wa kujengea asielekezwe mahakamani kabla hajaelekezwa pa kuupata. Huwezi kulinda msitu dhidi ya watu ambao hujawapa njia nyingine.

Tukizungumza njia, kuna zile za kukanyagwa kwa miguu. Kikundi cha akina mama wa Gazi kina njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na wageni na wanafunzi hulipa kidogo wapite juu yake bila kuzama matopeni. Watakuonyesha mkoko wenyewe na mizizi yake, mchu unaochomoza vijiti ardhini, mkandaa, muia. Ukipenda watakupikia. Mgeni huiona njia ile kama starehe, ila ujia wa mbao juu ya maji ya chumvi ni deni la kila mwaka. Misumari huliwa na kutu, mbao huoza, na bamvua ikija na pepo za kusi kuna ubao utakaong'oka. Mfadhili huwa radhi kujenga, afungue kwa utepe. Ni nadra kusikia mfadhili anayetaka kununua misumari mwaka wa saba.

Watamu, kwenye hori la Mida, kuna mfano mwingine. Pale A Rocha Kenya walijenga daraja la kuning'inia la mita 260, na mapato ya wageni husaidia karo za watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Naupenda mpango huo kwa sababu mzazi anaiona faida kwenye risiti ya shule. Mtu akiiona hapo, hahitaji semina.

Na tusijidanganye kwamba kujitolea kumeletwa na miradi. Wazee wa kaya walikuwa wakiulinda msitu kabla ya neno uhifadhi kufika hapa. Ukiingia Kaya Kinondo leo utafungwa kaniki kiunoni, utafuata njia moja, na hutatoka na hata jani. Masharti hayo yameuhifadhi msitu, hata mwaka 2008 UNESCO ikazitia kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini mzee wa kaya alikuwa na kitu ambacho mwenyekiti wa kamati hana: heshima iliyokuja na cheo, na jamii iliyomlisha. Sisi tumechukua ule mzigo tukampa mtu mwingine, heshima hatukumpa, na chakula hatukumpelekea. Juu ya hayo tunamwita mwizi.

Matokeo yake nimeyaona katika vikundi vingi. Mwenye uwezo huchoka, hujiondoa kimya kimya. Anayebaki ni mmoja wa wawili: mwenye pensheni, ambaye ana nafasi, au mwenye njaa, ambaye ana sababu. Vijana hawaji, kwa sababu kijana wa bodaboda akikosa asubuhi moja amekosa chakula cha jioni. Akina mama huja, hufanya kazi kubwa, kisha uchaguzi ukifika wanaume hukumbuka kwamba wapo. Mwenyekiti hukaa miaka kumi na tano kwa kuwa hakuna mwingine anayejua nenosiri la barua pepe.

Mimi sioni haja ya kuwalipa mishahara. Mshahara utaleta siasa, na ukikatika kazi nayo itakatika. Lakini nauli, chakula cha mchana na pesa za simu vilipwe kwa kiwango kinachojulikana, kiandikwe ukutani, kisomwe mkutanoni. Pesa iliyotajwa hadharani haizai uvumi. Muhula uwe na mwisho, na kila mwenye cheo awe na msaidizi anayekaa naye kwenye makaratasi, hasa kijana na hasa msichana aliyemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Hesabu zisomwe kwa Kiswahili, au kwa Kidigo inapobidi, si kubandikwa kwa Kizungu ofisini.

Vanga, Jimbo na Kiwegu walianza mradi wao wa mikoko mwaka 2019, wenye hekta 460, karibu mara nne ya ule wa Gazi. Kamati kubwa, pesa zaidi, masikio zaidi barazani. Mkutano wa kijiji ukiitishwa huko, au huku kwetu, anayetaka kujua nani analipwa aende akakae mbele, aombe kitabu cha hesabu kisomwe. Kisha aulize pia nani anamaliza muhula, na nani yuko tayari kushika kalamu baada yake.