Mwanga Mkali Huunguza Jicho Bila Maumivu

Je, umewahi kuona watoto wakichoma jani kavu kwa miwani ya kusomea ya babu? Kioo hicho hukusanya mwanga wa jua mahali padogo. Mara jani linatoa moshi. Jicho lako nalo lina kioo cha namna hiyo. Hukusanya mwanga na kuupeleka nyuma, ndani ya jicho, kwenye utando uitwao retina. Utando huo ukiungua husikii maumivu.

Wanajeshi wa Marekani walilijua jambo hili. Mwaka 1958 walitaka kulipua mabomu mawili ya nyuklia juu sana angani, katika Bahari ya Pasifiki. Walichagua kwanza kisiwa cha Bikini. Kisha wakahofu kuwaunguza macho watu wa visiwa vya jirani. Wakahamia kisiwa cha Johnston, mbali na watu. Bomu la kwanza lililipuka kilometa 77 juu. Sungura waliowekwa kwenye ndege na meli waliungua macho, hata waliokuwa mbali zaidi ya kilometa 500. Huo ni umbali kama wa Makambako hadi Dar es Salaam, anavyoruka ndege!

Huko juu hewa ni nyembamba. Mwanga wa mlipuko huja wote kwa ghafula, ukaunguza kabla kope hazijafumba. Kwa hiyo askari waliamriwa kuvaa miwani ya giza nene. Lakini katika jaribio la Oktoba 1962, pale pale Johnston, askari wawili hawakuwa wameivaa. Waliungua retina. Amri isiyosimamiwa haimkingi mtu.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilikubaliana kuacha majaribio ya angani.

Sisi wa Bulongwa hatukuletewa bomu. Jua tunalo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu wengi walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kuliona likiwa kama pete. Siku kama hiyo ni ya hatari. Mwanga hupungua, basi jicho halikimbii. Mtu hukodoa macho, na sehemu ya jua iliyobaki inamuunguza.

Baada ya saa kadhaa huona doa katikati. Pembe za gazeti hili anaziona, lakini neno analolitazama limefutika. Fikiri, wewe uliyejifunza kusoma kwa taabu! Wengine hupata nafuu baada ya miezi, wengine hawaponi. Nenda hospitali mapema. Usitie jichoni maziwa wala dawa ya majani.

Kioo cha masizi hakifai. Filamu ya picha ya mifupa haifai. Kutazama jua ndani ya beseni la maji hakufai pia. Toboa karatasi ngumu kwa sindano. Lipe jua mgongo. Acha mwanga upite katika tundu hilo, uangukie karatasi nyeupe iliyo mbele yako. Hapo utaona jua dogo, limemegwa upande. Chini ya mti wenye majani utayaona mengi, yametapakaa ardhini.